Huyu si mjomba wangu: uzi wa hadithi za wavamizi wanaovaa sura za watu

Taa ya Korido (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuweka kiporo muda mrefu, leo usingizi umegoma, basi twende. Nitafichua miisho ya filamu na riwaya kadhaa. Nyingi ni za zamani, lakini anayetaka kuzitazama kwanza akimbie sasa hivi, asije kunilaumu.

Nianze na filamu ya Marekani ya 1956, Invasion of the Body Snatchers, mwongozaji Don Siegel. Daktari wa mji mdogo anaitwa arudi haraka kutoka safarini kwa sababu ofisi yake imefurika. Wagonjwa wanamtaka yeye tu, na hakuna anayekubali kumwambia muuguzi anasumbuliwa na nini. Anafika, anakuta wamefuta miadi mmoja baada ya mwingine. Wamepona, eti. Njiani ameshapita kibanda cha mboga cha familia anayoijua, kimefungwa, kimejaa takataka, ilhali juzi juzi tu kilikuwa kinafanya biashara nzuri.

Basi. Hakuna chombo kilichotua wala mwanga wa kijani angani. Kuna miadi iliyofutwa na kibanda kilichofungwa, na mimi nywele zilishasimama.

Kisha anapelekwa kwa mwanamke anayeitwa Wilma, ambaye anashikilia kwamba mjomba wake Ira si mjomba wake Ira. Mjomba mwenyewe yuko pale pale nje, mchana kweupe, anaongea na daktari vizuri kabisa. Daktari anarudi kwa Wilma: sura ni yake? Ndiyo. Sauti? Ndiyo. Kovu dogo nyuma ya shingo? Lipo, amelitazama. Mambo ya zamani anayakumbuka? Yote. Sasa tatizo nini? Wilma anasema akiongea naye zamani kulikuwa na kitu fulani machoni mwake. Sasa hakipo.

Hoja yangu ya uzi mzima imo humo. Kila kinachoweza kupimwa kiko upande wa mvamizi: sura, sauti, kovu, kumbukumbu. Wilma ana kitu kimoja tu, kwamba amelelewa na mtu yule na anamjua, na kitu hicho hawezi kukitoa mfukoni akamkabidhi daktari. Hadithi ikilinda hali hiyo nakosa usingizi. Ikiivunja mapema, ukurasa wa tatu tu mjomba katoa ulimi wa mjusi, nafunga kitabu nalala.

Hili nalisema hasa kwa ndugu zangu mnaotushushia simulizi humu kila wiki. Macho ya njano, damu ya kijani, mbwa anabweka kila mvamizi akipita: mnajiharibia wenyewe. Ukishampa steringi alama ya kuwatambua, kilichobaki ni mbio na risasi. Walau tamthilia ya The Invaders ya 1967 ilikuwa na akili kidogo. Wavamizi wengi walikuwa na kidole cha mwisho kisichokunjika, kimesimama tu pembeni. Ni alama, sawa, lakini nenda polisi ukaseme jirani yako ana kidole kigumu.

Nitaendelea. Karibuni jamvini.

Kobe Mbio

Naweka kambi hapa. Mkuu, jirani yangu wiki ya pili sasa hajaja kunikopa. Nianze kuogopa?

Mzee wa Reli

Uzi mzuri, lakini mkuu umeruka siasa, na filamu ile bila siasa ya wakati wake ni nusu filamu. Februari 1950 seneta Joseph McCarthy alisimama kutangaza kwamba wizara ya mambo ya nje ya Marekani imejaa wakomunisti. Baada ya hapo ilikuwa ni kuhojiwa, kutajana majina, watu kufukuzwa kazi kwa sababu ya mkutano waliohudhuria ujanani. Jirani anamtazama jirani. Katika hali hiyo Jack Finney akatoa hadithi yake kwa vipande kwenye gazeti la Collier's, 1954, kikafuata kitabu, kisha filamu.

Na tazama ubishi ulivyo mtamu. Kuna wanaosema maganda yale, yale makubwa ya mimea kutoka angani yanayootesha nakala ya mtu akisinzia na kuchukua nafasi yake, ni wakomunisti, watu wasio na hisia wanaofikiri kitu kimoja. Wengine wanasema hapana, maganda ni hao hao wawindaji wa wakomunisti, mji mzima unaomgeukia mtu mmoja aliyekataa kufanana nao. Finney mwenyewe alikana yote mawili, akasema ni hadithi tu. Mimi simwamini sana mwandishi akisema "ni hadithi tu", lakini hayo ni yangu.

Taa ya Korido

Mzee, sikuiruka, nilikuwa nakusubiri wewe. Ila naomba uongeze kisa cha mwisho wa filamu, maana kinanisaidia.

Mzee wa Reli

Haya. Siegel alitaka filamu iishie barabarani. Daktari katoroka mji, ni usiku, yuko katikati ya magari anapiga kelele kama mwendawazimu, madereva wanampigia honi na kumtukana. Kwisha. Kampuni ikaogopa, ikalazimisha vipande viwili viongezwe, kimoja mwanzo na kingine mwisho, daktari yuko hospitali anasimulia. Hakuna anayemwamini, mpaka inaletwa habari ya lori lililopata ajali, lilikuwa limebeba maganda ya ajabu ajabu, linatokea kule kule mjini kwake. Hapo ndipo simu zinaanza kupigwa.

Taa ya Korido

Ahsante. Mnaona? Filamu nzima mtu analia kwamba anajua na hawezi kuthibitisha. Dakika ya mwisho wanamletea lori zima la ushahidi. Ndiyo maana ule mwisho unaonekana umeshonewa kwa uzi wa rangi nyingine. Na riwaya haina nafuu, maana mle maganda yanakutana na upinzani wa daktari na wenzake, yanaona dunia hii ni usumbufu, yanaondoka zake angani. Kitabu kizuri kurasa zote, mwisho wake ni wa mtu aliyekumbuka ana basi la kuwahi.

Kitu kimoja cha riwaya ninachokipenda ambacho filamu iliacha: nakala zile haziishi zaidi ya miaka mitano hivi, na hazizai. Yaani wanachukua sayari nzima, wanaitumia, inabaki tupu, wanahamia nyingine. Finney alipita hapo haraka mno, mimi ningekaa sura nzima.

binti_hesabu

Samahani mkuu, naona unajenga nyumba juu ya tofali moja. Unasema hadithi bora ni ile isiyo na kipimo. The Thing ya John Carpenter, 1982, ina kipimo, tena cha wazi mno. Na sijaona humu mtu wa kuniambia ni hadithi dhaifu.

Taa ya Korido

Nilijua utakuja na hiyo. Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ni tukio nimelitazama mara nyingi kuliko picha za familia yangu.

Kwa ambao hawajaiona: kambi ya utafiti Antaktika, wanaume 12, kiumbe aliyefukuliwa kwenye barafu anaweza kumeza kiumbe hai na kujigeuza awe yeye, hadi seli. Hadithi ya asili ni ya John W. Campbell, 1938, na kipimo cha damu kimo tangu mle. Wazo lake ni kwamba kila kipande cha kiumbe huyu ni mnyama anayejitegemea na anayetaka kuishi, hata tone la damu. Kwa hiyo ukiligusa tone kwa waya wa moto, damu ya mtu itaungua tu. Damu ya kiumbe itakimbia.

Sasa tazama Carpenter anavyolipanga. Wenzake wamefungwa kamba kwenye viti. MacReady, steringi wa filamu, anazo sampuli za damu yao kwenye visahani, anapasha waya moto, anauchovya. Unasikia tssss. Huyu mtu. Anajipima na yeye mwenyewe, tssss. Halafu anapima damu ya wawili waliokwisha kufa, na mmoja wao, Clark, alimpiga risasi yeye mwenyewe muda mfupi uliopita. Tssss. Clark alikuwa mtu. Childs, mmoja wa wenzake, anamwambia pale pale maana yake nini: wewe basi ni muuaji. MacReady hajibu, anaendelea na kazi.

Mpaka hapo umeshazoea ule mlio, masikio yameanza kulegea. Kamanda wao Garry anabeza kwamba zoezi zima ni upuuzi. MacReady anamgeukia kumwambia kwamba yeye ndiye atapimwa wa mwisho, na huku anaongea, bila hata kutazama vizuri, anagusa damu ya mwenzao mwingine, Palmer.

Sisemi zaidi. Wanaojua wanajua.

Kwa hiyo binti_hesabu, ndiyo, kipimo kipo. Lakini angalia kinapima nini na kwa bei gani. Kinakwambia nani ni mtu sasa hivi, hakikwambii lolote kuhusu saa moja ijayo. Kimemfanya mpimaji awe muuaji kwa uthibitisho wa kisayansi. Na mwisho wa filamu kambi inawaka moto, wamebaki wawili kwenye theluji, hawana waya, hawana visahani, wanatazamana. Carpenter alikupa kipimo katikati ili akunyang'anye mwishoni.

Kobe Mbio

Na wakati inatoka watu waliikataa kabisa. E.T. ilikuwa imetoka wiki mbili nyuma, mgeni mpole anataka kupiga simu nyumbani. Nani angependa huyu mwingine anayechomoa miguu kichwani?

binti_hesabu

Sawa, hapo umejitetea. Lakini sijamaliza. Unasema anayempenda mtu ndiye anayejua. Toleo la 1978 la Body Snatchers, la Philip Kaufman, linakukatalia. Mji sasa ni San Francisco, jiji kubwa, kila mtu anapishana na asiowajua. Waliosalia wanagundua kwamba njia ya kuishi ni kutembea katikati ya nakala bila kuonyesha hisia yoyote: usicheke, usishangae, usikimbie. Wanaweza, mpaka anapopita mbwa mwenye kichwa cha mtu na Elizabeth, mmoja wao, anapiga ukelele. Yaani hata mbinu yao ya kujificha ni kuwaiga waigaji.

Kisha mwisho. Nancy, naye mmoja wa waliosalia, amejificha siku zote hizo, anamwona Matthew, rafiki yake, mtu pekee aliyebaki. Anamkimbilia kwa furaha, anamwita kwa sauti ya chini. Yule anageuka, ananyoosha kidole, anafungua mdomo, unatoka ule mlio ambao nakala hutoa zikimwona mtu halisi. Aliyemwamini hakujua. Na mimi mtazamaji, niliyekaa naye karibu saa mbili, sikujua. Nakuuliza, hicho kitu cha Wilma kilikuwa wapi?

Taa ya Korido

Umenishika pabaya. Naweza kusema Nancy alikuwa amechoka na alitaka sana iwe kweli. Katika ile ya 1956 daktari anambusu mpenzi wake Becky na papo hapo anajua amesinzia na ameondoka, kwa busu moja tu. Ya 1978 inasema usijidanganye, busu halipimi chochote. Nakubali ya pili ndiyo katili zaidi. Labda ndiyo bora.

Na kama tunaenda huko, Philip K. Dick alikwisha kufika mbali kuliko wote mwaka 1953 katika hadithi fupi ya Impostor. Mtu anashtakiwa kwamba yeye ni roboti iliyotumwa na adui wa kutoka nyota nyingine, ina bomu ndani, imechukua nafasi ya mtu halisi. Anatoroka, anahangaika kurasa zote kuthibitisha kwamba yeye ni yeye, kwa sababu anajua ni yeye, anakumbuka maisha yake. Mnaweza kubashiri. Mle hata shahidi wa ndani kabisa, nafsi yako, kapewa maneno ya kusema.

Mwaka uliofuata akaandika nyingine, The Father-Thing, mtoto anayegundua kwamba anayekuja mezani si baba yake. Nayo naipenda kwa jambo dogo: mtoto haendi kwa watu wazima. Anawatafuta watoto wenzake, mmoja wao mbabe wa mtaa, na wale hawamwombi ushahidi. Wanauliza tu yuko wapi, tumfanyeje.

Mzee wa Reli

Watoto na vichaa. Katika hadithi hizi ndio wanaojua kwanza, kwa sababu ndio wasiosikilizwa.

Pakacha

Niingie hapo kwa "vichaa". Nilisomea uuguzi na nimefanya kazi wodi ya akili, na maneno ya Wilma ningeweza kuyaandika kwenye faili la mgonjwa bila kubadilisha nukta.

Mwaka 1923 daktari wa magonjwa ya akili wa Ufaransa, Joseph Capgras, pamoja na mwenzake Jean Reboul-Lachaux, walieleza habari za mwanamke waliyemwita Madame M. Alikuwa na hakika kwamba watu wake, mume na binti wakiwemo, wamechukuliwa na nafasi zao zimejazwa na watu wanaofanana nao. Waliita hali hiyo njozi ya "sosie", neno la Kifaransa la mtu mnayefanana sura. Neno lenyewe lina asili nzuri kwa uzi huu. Limetokana na Sosia, mtumwa katika tamthilia ya vichekesho ya Plautus wa Roma ya kale. Mungu Mercury anavaa sura ya Sosia, anamzuia mlangoni na kumbishia kwamba yeye Mercury ndiye Sosia, mpaka maskini anaanza kujitilia shaka. Zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na watu walikuwa wanacheka.

Leo hali hiyo tunaiita kwa jina la Capgras. Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya Ellis na Young, 1990. Ukiona uso wa mtu wako, ubongo unafanya kazi mbili. Njia moja inasema huyu ni fulani. Njia nyingine inawasha ule mstuko mdogo wa ukaribu, hata ngozi inatoa jasho kidogo sana linaloweza kupimwa kwa mashine. Njia ya pili ikikatika, kwa jeraha au kwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, unamwona mama, unakiri kila kitu ni cha mama, lakini mwili umekaa kimya. Wamewapima: sura ya ndugu na sura ya mtu baki, ngozi inajibu vile vile. Halafu ubongo unatafuta maelezo ya ukimya ule, unayapata: huyu si mama.

Kuna wagonjwa wa upande wa pili pia, hawawezi kutambua sura ya mtu yeyote, lakini ngozi yao inaitambua.

Na mwaka 1997 Hirstein na Ramachandran waliandika kuhusu kijana aliyeumia kichwa katika ajali. Wazazi wake akiwaona ni matapeli. Wakimpigia simu, ni wazazi wake. Sauti ina njia yake.

Taa ya Korido

Pakacha, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Maana yake "kile kitu machoni mwa mjomba" hakikuwa machoni mwa mjomba hata kidogo. Kilikuwa kwenye ngozi ya Wilma.

Na maana yake daktari wa akili ndani ya filamu, yule anayesema ni wasiwasi tu unaoambukizana, siku nyingine yoyote angekuwa sahihi.

Kobe Mbio

Hapa utani umeniishia kidogo.

mgeni_wa_kimya

Nasoma humu miaka, leo mara ya kwanza kuandika. Baba yangu alikuwa hivyo miaka miwili ya mwisho.

Hakuwa mkali. Alinipokea kwa adabu, kama mtu anavyompokea mgeni aliyetumwa. Alisema, wewe ni kijana mzuri, na kweli umefanana na mwanangu sana, ila mwenyewe atakuja jioni. Mwanzoni nilifanya kosa ambalo nadhani kila mtu hulifanya, nikaanza kuthibitisha. Nikamkumbusha siku nilipoanguka mtini akanibeba mgongoni njia nzima, nikamwonyesha na mkono uliovunjika. Akautazama kwa makini, akaugeuza, akasema, "Wamekufundisha vizuri."

Baada ya hapo niliacha kuthibitisha.

binti_hesabu

Pole sana.

Pakacha

Pole ndugu. Mlipata namna ya kuishi nayo? Si lazima ujibu.

mgeni_wa_kimya

Ahsanteni. Tulipata, kwa bahati. Siku moja niliita kutoka korido kabla hajaniona, "Baba, ni mimi, naingia," akajibu kwa jina langu. Nikaingia huku naendelea kuongea, akawa bado ananijua. Niliponyamaza akanitazama usoni, nikamwona anaondoka. Kuanzia hapo nikawa naanza kuongea mlangoni, na nikikaa nilikaa pembeni yake, sote tunatazama dirishani, si mbele yake. Mambo ya simu ya huyo kijana sikuyajua, nayasoma leo hapa.

Taa ya Korido

Mkuu, nakushukuru kwa kuandika. Naomba kuuliza kitu kimoja, ukiona si sawa kipite: kwa sauti, aliwahi kukutajia yule mwingine?

mgeni_wa_kimya

Mara moja. Nilikuwa nyuma ya kiti chake, nimemaliza kumsomea gazeti. Akasema kuna kijana huwa anakuja mchana, anakaa badala yako, hasemi sana. Nikamwuliza anakusumbua? Akasema hapana. Akasema nimwambie asiwe anaondoka usiku, njia ile haina taa, naye ni mtoto wa watu.